Bapa na Herufi Zilizolala

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona mapazia, katika vyumba viwili nyuma ya stesheni. Alikuwa mpole ila mbishi. Akishikilia lake, mama alisema heri abishane na ukuta.

Alisoma shule ya jirani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi wa televisheni mwaka 1983.

Mwaka 2004 aliajiriwa na kiwanda cha skrini, na huko ndiko alikopewa jina la Bapa. Walikuwa wanaunda skrini ambayo picha yake hutokeza mbele, utadhani utaishika, bila kuvaa miwani. Shida ilikuwa maandishi: nayo yakitokezwa, yanakatikakatika na kuumiza macho. Marehemu akang'ang'ana kwamba picha itokeze, sawa, lakini herufi zilale bapa kwenye kioo hichohicho. Walimcheka weee. Ilimchosha miaka, lakini walifika.

Mwaka 1988 alikuwa amemwoa wifi yetu, mpiga chapa wa mahakamani, ambaye jicho lake la kushoto halioni tangu utotoni. Skrini ya kwanza ilipokamilika, alimpeleka kiwandani kwa mbwembwe. Ua lilipotokeza, wageni wote walirudi nyuma. Wifi alisimama palepale, akasoma maandishi ya chini, akasema yanasomeka vizuri. Kutokeza kule kunahitaji macho mawili, na marehemu, jamani, alikuwa amesahau. Roho ilimuuma. Tangu hapo alimwahidi mkewe skrini itakayotokeza kwa jicho moja, na kila mwaka alishindwa.

Mwaka 2019 kisukari kilimchukua jicho la kulia, kisha figo. Wifi alizunguka naye hospitali kusafishwa damu, kukaa kwenye viti vya plastiki, kungoja kuitwa. Tusifichane, amechoka. Marehemu naye alichoka.

Siku moja wakiwa wanangoja, skrini ya ukutani, kazi ya kiwanda chao, ilionyesha moyo, na maelekezo chini yake. Wagonjwa waliguna kwa mshangao. Marehemu, kwa jicho lake moja, aliona picha bapa tu. Akamgeukia mkewe.

"Kumbe ndivyo unavyoona. Mbona hukuniambia hupungukiwi?"

"Nilikuambia yanasomeka," wifi akajibu.

Hakuahidi tena kitu. Wakawa wanasomeana maandishi ya ukutani mpaka waitwe.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 11 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Wenzake wa kiwandani walitaka kuleta skrini hapa, atutokee kama yu hai. Wifi aliwashukuru, akakataa, ndiyo maana mmeshika picha ya karatasi. "Leo," alisema, "nataka sote tumwone sawasawa."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na sisi dada zake.

Haya, Bapa, lala nawe. Jina lako tumeliandika chini ya picha, na linasomeka.