Aliyesimama Mlangoni mwa Tangi la Saba

Mheshimiwa Diwani, Bibi Rosaline Hartnick, Mchungaji Kammies, uliyetufungulia shughuli hii kwa sala, Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Mvinyo wa Vaalrug, Bwana Theron, wakuu wa maabara ya maji mliosafiri kuja kwetu, ndugu wafanyakazi wenzangu wa ghalani, akina mama wachuma zabibu, ambao najua mmetoka shambani moja kwa moja na vidole bado vyeusi, wageni waalikwa, na wewe, Tannie Magdalena, shangazi yetu sote, uliyeketi kando ya mumeo tunayemuaga leo, Daktari Izak Jaftha. Kama kuna niliyemruka, asinihesabie.

Wengi wenu mlishtuka mlipoona jina langu kwenye ratiba. Nilisikia mnong'ono pale nyuma: "Sarlina Plaatjies? Amhutubie Jaftha? Si hawasalimiani hao?" Ni kweli. Kwa zaidi ya miaka miwili sikumsalimia mtu huyu. Kanisani nilihama benchi ili nisione hata kisogo chake. Nimeomba mwenyewe nafasi hii, na nimeiogopa tangu Jumatatu.

Nianze na lile mnalolijua. Kwa miaka thelathini na mmoja Daktari Jaftha amekuwa mkemia wa maji. Maji tunayokunywa bondeni humu, yeye ndiye aliyeyapima na kuyaonja, akatuambia kama tunywe au tuchemshe kwanza. Hiyo ilikuwa kazi yake. Lakini mapenzi yake yalikuwa mvinyo. Siku tano maji, siku ya sita mvinyo. Kila Jumamosi alikuwa na safu yake katika gazeti la bonde, na nani hapa hakulifungua gazeti kuanzia ukurasa huo? Kuna mwenye shamba tajiri, leo hayupo, aliyeandikiwa maneno matano tu: "Chupa nzuri. Ningeinunua ikiwa tupu." Mwenyekiti, mvinyo wetu mweupe wa mwaka ule wa mvua uliandikiwa hivi: "Unanukia kabichi iliyosahaulika jikoni. Nimeuonja mara tatu nikitafuta cha kusifu, nikakipata kizibo." Cheka tu, Bwana Theron, siku ile hukucheka. Ghala zima tulitembea kwa kunyata.

Lakini alipousifu mvinyo, mtu ulitamani kulia. Aliwahi kuandika kuhusu mwekundu wetu kwamba ni kama mjomba anayefika harusini na viatu vya mpira: hapendezi, lakini bila yeye hakuna atakayecheza. Tuliikata karatasi ile tukaibandika juu ya sinki.

Mnajua alitoka wapi na pua ile? Baba yake alikuwa mchuma zabibu, enzi zile ambapo mtu alilipwa sehemu ya ujira wake kwa kikombe cha mvinyo asubuhi, mchana na jioni. Kikombe kile kilimla mzee yule kabla hajafika miaka arobaini na mitano. Kwa hiyo mama yake, Ouma Katriena, alipomkuta Izak kijana, amesoma, amekaa mezani na glasi ya mvinyo, aliangua kilio. Tannie Magdalena ndiye aliyenisimulia. Mama akamwambia, "Umemzika baba yako kwa sababu ya kitu hiki, sasa unakileta nyumbani kwangu?" Naye akajibu, "Sinywi, Mama. Nakiuliza maswali." Akatema kwenye kikombe cha bati, mbele ya macho ya mama yake, ili aamini. Hata hivyo mama hakuamini. Kila Jumamosi, mpaka alipofariki, alikaa mlangoni kuhesabu anachotema mwanawe.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu mtu aliyelelewa na hofu ya namna ile hachezi na mvinyo. Hilo lisahaulike kesho, lakini leo naomba mlishike.

Sasa nije kwenye lile ambalo hamjawahi kunisikia nikilisema.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, miaka mitatu iliyopita, katikati ya mavuno. Tulikuwa tumeutoa mvinyo katika tangi la saba, makapi ya zabibu yakabaki ndani, yakisubiri kukokotwa kupitia kilango cha chini. Mume wangu, Dawid, ndiye aliyekuwa zamu. Daktari alifika mchana ule kuonja kwenye mapipa, na daftari lake mkononi kama kawaida. Akasimama katikati ya ghala, akavuta pumzi, akaandika. Dawid akamwita kama tunavyowaita wajomba zetu, koleo begani, "Oom Izak! Leo unatuandika nini?"

"Nikikuta kibaya naandika jina lako."

"Andika vizuri basi! Ni P ya Plaatjies, si B. Mwaka jana gazeti lenu lilinifanya Mjerumani!"

Tukacheka wote. Dawid akainama, akaingia tangini kwa miguu kwanza, na buti zake za mpira. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na la mwisho ni herufi.

Mimi nilikuwa kwenye mizani, hatua ishirini hivi. Nilikuwa naisikia koleo ikikwaruza bati. Halafu ikanyamaza. Nikadhani amepumzika. Klaas, binamu yake, akachungulia kilangoni: "Dawid? Acha mzaha, bwana, toka!" Klaas akajitupa ndani. Nikasikia kishindo kimoja, kama gunia limeanguka. Klaas naye hakusema kitu tena.

Nilikimbia. Sijui niliangusha nini. Nilipofika, Daktari alikuwa amenitangulia. Aliinamisha kichwa kwenye kilango, akavuta pumzi moja ndogo, akaruka nyuma kama aliyechomwa. Kisha akageuka, akakiziba kile kilango kwa mwili wake. Mzee mwembamba yule, mnamwona alivyo.

"Hakuna hewa mle, Sarlina. Ni gesi ya mvinyo, imetuama chini."

"Mume wangu yumo!"

"Najua yumo."

"Nipishe!"

"Sikupishi."

Ndugu zangu, nilimpiga. Nilimkwaruza uso, ile alama chini ya jicho lake la kushoto ni kucha zangu. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Hakuondoka. Aliniambia sikioni, taratibu: "Ukiingia utaanguka juu yake. Halafu nani atakwenda kumwambia binti yako Jolene?" Huku akinishikilia alikuwa anawapigia wengine kelele: "Fungueni mfuniko wa juu! Leteni mpira wa kupulizia hewa! Kamba! Na nyie msiiname hapo, gesi inamwagika chini, simameni!"

Klaas alikuwa karibu na kilango. Wakamnasa mkanda kwa reki ndefu ya kuvutia makapi, wakamtoa. Alikuwa wa buluu. Akakohoa. Klaas, uko wapi? Nyanyua mkono, baba. Yule pale, anasikia kwa sikio moja tu tangu siku ile, lakini yupo.

Dawid alikuwa mwisho kabisa, ukutani. Hakufikiwa na reki. Ilibidi hewa ipulizwe kwanza. Mnajua dakika saba zina urefu gani? Mimi najua. Huku nimeshikiliwa, kwa mwanga wa mfuniko uliofunguliwa, niliziona buti zake zote mbili muda wote huo. Nilikuwa nazisubiri zisogee.

Hewa ilipoingia, Daktari alijifunga kamba kiunoni mwenyewe. Vijana walitaka kwenda wao. Akasema, "Nikianguka nivuteni. Asinifuate mtu yeyote. Mmenisikia? Yeyote." Akaingia. Akamtoa Dawid. Lakini Dawid alikuwa ameshakwenda.

Nilimchukia mtu huyu kwa moyo wangu wote. Niliwaambia watu dukani, niliwaambia makaburini, "Yule mzee alisimama mlangoni akimhesabia mume wangu dakika." Wengine mkaitikia. Msijifiche nyuso, sitaji majina. Nilihitaji mtu wa kumchukia, na yeye hakujitetea hata siku moja. Safu yake gazetini ikakoma. Glasi zake, Tannie Magdalena anasema, aliziweka kwenye boksi, akalifunga kwa gundi.

Halafu majira ya baridi yaliyopita, Jumapili baada ya ibada, nikamwona amesimama getini kwangu, kofia mkononi, mvua inamnyeshea. Nilimwacha asimame. Naona aibu kusema ni kwa muda gani. Nilipotoka aliniambia, "Sijaja kuomba msamaha kwa kukuzuia. Hata kesho nitakuzuia. Nimekuja kwa ajili ya hiki."

Akanipa daftari. Ukurasa wa siku ile. Nilikuwa sina miwani, akanisomea yeye mwenyewe: "Saa tisa na dakika ishirini. Ghala la Vaalrug. Harufu hai, inachoma pua kwa furaha. Mwaka mzuri."

Akasema, "Kule kuchoma pua ndiko gesi yenyewe, Sarlina. Mimi ni mkemia. Niliinusa muda mfupi kabla hajaingia, nikaisifu."

Alilia. Sijawahi kuona mzee akilia vile, bila kujifuta. Na mnajua nilichosikia mimi wakati ule? Si hasira. Niliogopa. Nilipatwa na woga ambao haujanitoka hadi nasimama hapa. Kwa sababu hata mimi niliinusa. Tangu asubuhi ile macho yalikuwa yananiwasha, pua inanichoma, na nilimwambia Dawid kwa mdomo wangu huu, "Leo mvinyo umechangamka!" Naye akasema, "Umechangamka kweli." Sote tuliinusa. Kila mwaka tulikuwa tunaivuta hewa ile tunaiita baraka ya mavuno. Tungekufa mwaka wowote.

Nikamwambia, "Oom Izak, hata mimi." Nikafungua geti. Tulikaa jikoni, nikampikia chai ya rooibos, nikampa mkate na jamu ya tini. Hatukuongea sana. Alipoondoka, nilikaa na lile daftari mpaka chai yake aliyoiacha ikapoa.

Wiki mbili baadaye, safu yake ilirudi kwa Jumamosi moja tu. Hakuonja mvinyo wowote. Aliandika habari za hewa: jinsi gesi inavyotuama, kwa nini anayekwenda kuokoa ndiye hufa wa pili, na kwamba pua, hata iliyo bora namna gani, ikizoea hudanganya. Aliandika pia alichokinusa siku ile na alichokiandika. Kwa jina lake. Bonde zima likasoma. Ni wataalamu wangapi mnaowajua ambao wamewahi kujiandika hivyo?

Bwana Theron, Mwenyekiti, nakushukuru sana. Nilipokuja ofisini kwako na gazeti lile uliniambia, "Sarlina, tumefanya hivi kwa miaka arobaini." Nakushukuru kwamba uliacha kusema hivyo mara ya nne nilipokuja. Sasa kila tangi lina kipima gesi, na haingii mtu mpaka hewa ipulizwe na mwenzake ashike kamba. Nakushukuru kutoka moyoni, na ninakuangalia.

Namalizia, Mheshimiwa Diwani, naona unatazama saa.

Binti yangu Jolene ana miaka kumi na tisa. Jumatatu anaanza kazi ghalani. Nilimkatalia, tukagombana wiki nzima. Aliniambia, "Mama, na wewe unafanya kazi pale pale kila siku. Unadhani mimi siogopi unapochelewa kurudi?" Nikamwachia aende. Vipimo vipo, kamba zipo, na bado nakiogopa kilango kile.

Kwa hiyo, Daktari Jaftha, watu wamekuletea saa ya ukutani na blanketi, na maabara wamekupa cheti. Mimi sikuleta zawadi, nimekuja na ombi. Sasa huna tena maji ya kupima. Njoo ghalani kila asubuhi ya mavuno. Ukae pale mlangoni. Akitaka kuingia bila kipimo, Jolene au mwingine yeyote, umzuie kama ulivyonizuia mimi. Akikupiga, akupige. Akikung'ata, mimi ndiye nitakayekufunga kidonda.

Unatikisa kichwa. Hapana, Oom, sema, kipaza sauti kipelekeni pale... Tannie, mshikie.

Mmemsikia? Amesema, "Nitakuja, lakini naogopa."

Hata mimi, Oom Izak. Tutaogopa pamoja, kuanzia Jumatatu, saa moja asubuhi.

Ndugu zangu, mmenivumilia kuliko nilivyotarajia, na masikio yenu yamenitendea wema. Nawashukuruni nyote. Nipisheni sasa nikakae, miguu hii imenitosha.