Nyuzi za Kijani Tumboni mwa Changu

Kijiwe chao ni benchi moja la mbao nje ya soko la samaki, kando ya mtaro. Fundo hushona nyavu hapo, Redio husambaza habari alizosikia na asizosikia, na Magamba, mpara samaki, huja kunywa kahawa kila meza yake inapokosa wateja. Siku hizi anakunywa nyingi mno. Tangu watu wasikie kwamba samaki wanakula plastiki, wanampita kama hawamjui. Leo roho inamuuma kwelikweli, maana amepasua samaki aina ya changu akakuta nyuzi za kijani tumboni, akaja nazo kuwaonyesha wenzake.

— Oneni wenyewe, jamani. Mimi na wanangu tutakula nini?

— Si nilisema? — Redio alidakia. — Uduvi anameza plastiki, dagaa anameza uduvi, changu anameza dagaa, wewe unameza changu. Mwisho wake sote tutakuwa ndoo!

— Ni watu wa viwandani hao, — alisema Fundo, akikata ncha za uzi wa nailoni. — Hawana haya.

— Viwanda wapi! Nyangumi ndio waletao. Wanakula ughaibuni, wanakuja kujisaidia kwetu.

— Acha uongo, Redio.

— Haki ya Mungu! Hata mvua sasa ni plastiki. Mwavuli wangu haukauki!

Magamba alicheka bila kupenda. Fundo alimaliza wavu, akashika ufagio kama kawaida yake, akasukumia vipande vya uzi mtaroni. Benchi lao ndilo safi kuliko yote, na hachoki kujisifu.

Mama mmoja mwenye kikapu alikuwa amesimama kando, mpishi mpya wa hospitali ya jirani.

— Samahani, kaka zangu. Huu mtaro unakwenda wapi?

Redio alijitia kupuliza kahawa iliyokwisha poa. Magamba aliutazama mtaro hadi unapomwagikia baharini, akaokota kipande cha uzi miguuni pa Fundo, akakilaza kando ya zile nyuzi za tumboni. Kijani kile kile.

— Yarabi, — alisema Fundo. — Na mimi najiona nasafisha!

Akakunja suruali, akaingia mtaroni kuokota. Redio akamfuata na kopo tupu la kutilia vipande.

Mama alitabasamu.

— Haya, kaka, niparie huyo huyo, tumbo utupe jaani. Kopo likikaa hapo, nitakuwa nakuja kila siku.

Magamba alikimbilia meza yake. Kahawa ilibaki benchini ikapoa, hakuwa na nafasi ya kuinywa.