Kovu la Mzee Wendell

Ndani ya basi la Livingston, Mzee Wendell hajawahi kuombwa ushauri, na hajawahi kuacha kuutoa. Jana alimpata Marlys, msichana wa benki, aliyetaja tu kwamba baada ya kuomba miaka tisa, kibali chake cha kuwinda elki, kulungu mkubwa wa milimani, kimetoka kwenye bahati nasibu. Jumamosi anapanda mlimani na bunduki ya marehemu bibi yake, ya risasi za kipimo cha mia mbili sabini.

"Mia mbili sabini?" Wendell akashika kifua kama aliyeletewa habari za msiba. "Binti, elki ana mwili wa farasi! Hiyo utamkuna mgongo tu, akushukuru. Chukua mia tatu magnamu, risasi nene yenye nguvu."

"Niliijaribu, mzee. Bunduki yake inanipiga teke begani mpaka nafumba macho kabla sijafyatua. Nikimjeruhi akaenda kufia msituni, nitalala vipi?"

"Teke utalizoea. Mimi nimelizoea miaka thelathini."

Marlys akamtazama usoni taratibu, kama anayekagua saini ya hundi. Juu ya nyusi yake ya kulia palikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mwandamo, sawasawa na ukingo wa darubini ya bunduki. Huku kwetu kila mtu anajua alama ile hupatikanaje: bunduki imerudi nyuma ikambusu mwenye nayo.

"Na hilo kovu, mzee?"

"Mlango wa gari."

"Na la pili, hapo chini yake?"

Basi likasimama. Wendell akashuka, vituo viwili kabla ya chake.