Mfuko wa Ndani wa Koti la Kaka Kamande

Mheshimiwa Mwenyekiti wetu, Mzee Burhani, kabla sijafuata utaratibu naomba radhi kwa ajili ya miwani yako. Nyote mmeona. Sasa hivi mwanangu Nahla ameteremka mapajani mwangu, akaenda moja kwa moja kwenye makoti yaliyotundikwa pale mlangoni, akatia mkono katika koti la Mwenyekiti akiamini ni la baba yake, akatoka na miwani badala ya karanga. Mmecheka. Hata laoban wetu, Mchina mwenye mgahawa huu hapa Guangzhou, amecheka akamwambia "meiyou, meiyou," yaani hamna kitu humo. Mimi sikucheka, na waliokaa karibu wameona nilivyomnyakua mtoto mpaka akalia.

Basi nirudi kwenye salamu. Mwenyekiti wetu; kaka Kamande, mwenye shughuli ya leo, tunayemuaga arudi Nairobi; ndugu wafanyabiashara wa Dar, Unguja, Mombasa na Nairobi, akina mama wenzangu mlioacha mizigo yenu pale jengo la maduka la Tianxiu mkaja kutuunga mkono: assalamu alaykum, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Mimi ni Chausiku, Mama Nahla, nashona kule Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Maneno haya nimeyaandika kwenye karatasi ya kukatia paterni, kwa hiyo mkiniona nimekwama, jueni nimefika kwenye vipimo vya suruali ya mtu.

Nimeombwa nimsifu kaka Kamande, na kumsifu si kazi. Ni nani kati yetu hakupokewa naye stesheni? Mimi niliposhikwa na uchungu wa Nahla, mume wangu akiwa Hong Kong, ni Kamande aliyenibeba kwa ngazi ghorofa sita hadi chini, akabishana na mlinzi wa hospitali kwa Kichina cha sokoni, kile cha bei na punguzo, mpaka mlinzi akachoka akafungua geti. Nilikuwa naumwa na huku nacheka. Kazi ya Kangle alinitafutia yeye. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu, utakataa kwa mdomo gani?

Wiki iliyopita aliniomba kitu. Alikuja kiwandani na lile koti jeusi, akaniomba nimshonee mfuko wa ndani, upande wa kushoto, chini kidogo ya kwapa. Nilidhani ni wa dola, maana mifuko ya dola nimewashonea karibu nyote mliomo humu. Akatoa kipande cha boksi alichokikata kwa mkasi. Kilikuwa na umbo la bastola.

Bastola yenyewe haipo hapa, msiogope. Iko Nairobi, ameshaiagiza na kibali ameshapata. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa upole kama anavyojibu siku zote. "Mama Nahla, hapa nalala mlango wazi. Kule Nairobi wameniingilia dukani mara mbili, na mara ya pili Caro alikuwa chini ya kaunta."

Caro ni binti yake, ana miaka mitano. Nani angemlaumu baba aliyeona hayo? Nikashona. Koti liko pale mlangoni na mfuko umo, na yeye alipolijaribu alisema, "Fiti kabisa, umekaa kama mtoto mgongoni."

Ndugu zangu, huo haukuwa mfuko wangu wa kwanza wa namna hiyo.

Miaka mitano iliyopita, kabla sijaja huku, nilikuwa na cherehani yangu barazani Kariakoo. Kaka yangu, Abubakary, tumbo moja mimi na yeye, alirudi kutoka hapa hapa Guangzhou na katoni ya jaketi nyeusi. Mnaijua desturi yetu: anayepata katoni huwagawia wenzake sampuli, na sampuli zote ni moja, rangi moja, saizi moja. Mnajua pia vijana wetu wakirudi hawavui jaketi hata jua liwe la namna gani, watu wajue mtu katoka mbali. Nilimtania kwamba ataiva humo ndani. Akacheka, akaniomba nimshonee mfuko wa bastola, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfuatilia. Abubakary hakuwa mlevi wala mgomvi. Kibali alikuwa nacho. Alitaka mdomo wa mfuko uwe wazi, bila zipu wala kifungo, ili mkono uingie haraka siku ya shida. Nikamshonea alivyotaka, na nikajisifu kwa jinsi ulivyokaa.

Siku hiyo ilikuwa saa saba mchana, katika mgahawa wa pale mtaani, watu wanakula wali. Ndani palikuwa na joto. Abubakary na rafiki yake Heriel walivua jaketi zao wakazitundika ukutani, msumari huu na msumari huu. Nani angejua ipi ni ipi? Heriel alikuwa na mtoto wake, Albina, wa miaka sita, ambaye kila siku huchukua biskuti zake katika jaketi ya baba. Akasimama kwenye benchi, akatia mkono. Na mfuko niliouacha wazi ili mkono wa mtu mzima uingie haraka, uliingiwa haraka na mkono wa mtoto.

Risasi ilikuwa moja tu. Ilimpata Yustina, binti aliyekuwa akileta maji ya kunawa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Niliitwa kutoka barazani kwangu, nikakuta birika limelala, na maji yanaendelea kutoka.

Mwizi hakuwapo. Nawaomba mlisikie hilo. Kaka yangu aliibeba ile bastola miezi minane, sokoni, benki, msikitini, harusini, akiwa anamngoja mwizi, na siku zote hizo waliokuwa karibu nayo walikuwa sisi: mama yetu aliyekuwa akimkumbatia, mimi niliyekuwa nikimpigia pasi jaketi, watoto waliomrukia. Yeyote aliyekaa naye meza moja alikaa na bastola bila kuambiwa. Je, Yustina aliulizwa kama anakubali kufanya kazi karibu nayo?

Abubakary yuko gerezani. Heriel amehama, na nasikia Albina hataki kuvaa nguo yenye mfuko. Mama yake Yustina nilikwenda kumpa pole, akanishika mikono, akaniambia mikono yangu ni laini. Hakujua. Sikumwambia. Mpaka leo hakuna aliyejua nani alishona ule mfuko isipokuwa kaka yangu, ambaye mahakamani hakunitaja, na sasa nyinyi.

Na bado, kaka Kamande, nimekushonea na wewe. Nilikaa kimya kwa aibu, nikaita kimya hicho shukrani. Nisamehe kwa kukusemea haya mbele ya watu siku ya heshima yako. Lakini kesho asubuhi unapanda treni ya Hong Kong, na nikinyamaza leo nitakuwa nimeshona mara mbili.

Tazameni mlangoni. Ni makoti saba, yote meusi, katoni moja. Huko Nairobi utagawa mengine, ndugu na marafiki watayavaa, watakuja kwako Jumapili, watayatundika ukutani kwako. Na Caro yumo humo ndani.

Sikuombi usiwaogope wezi. Weka mlango wa chuma, weka mlinzi, funga duka mapema, sisi tutakuombea. Najua pia kwamba fundi mwingine anaweza kukushonea mfuko huo kwa nusu saa. Naomba tu ule wangu niufumue. Ukikataa, nitakupa koti lako kwa mikono miwili na heshima yako itabaki palepale. Ila mimi bado nina tumaini, kwa sababu mtu aliyenibeba ghorofa sita akiniuliza kila ghorofa kama naumia, huyo...

naam, kaka Kamande? Sasa hivi? Haya, nakuja. Liweke koti hapo mezani, geuza bitana juu, niufumue. Mzee Burhani, ndugu zangu, mniwie radhi, naitwa. Nawashukuru mlivyonivumilia, na aliye karibu na dirisha afungue pazia tupate mwanga, maana uzi ni mweusi juu ya kitambaa cheusi, tena ni uzi wa jinzi, nilirudia mara tatu ili usije ukaachia, kwa hiyo itachukua muda...