Niliacha Sigara ya Kampuni, Nikashikwa na Jani la Nyumbani

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Ninyi wa hapa Kongo ya Kawangware, na ninyi mliotoka Sarang'ombe kwa miguu asubuhi hii, viatu mkononi kwa sababu ya matope, asifiwe Bwana! Mimi ni Mama Akinyi. Wengi mnanijua, na asiyenijua amenisikia, maana sauti yangu haihitaji spika. Mimi ni mtu wa kujivuna, sifichi, na mchungaji amenikemea kwa hilo mara nyingi. Leo nimekuja kujivuna tena, lakini leo ninaye wa kujivunia, kwa hiyo mnivumilie.

Nilianza kuvuta nikiwa msichana kule kwetu ziwani. Nyanya yangu ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha vile wanawake wa kwetu walivyovuta: upande wenye moto unaingia ndani ya mdomo. Naona vijana wanacheka. Chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa! Ukianika samaki, majivu hayaangukii samaki. Upepo wa ziwani hauzimi moto. Mikono yote miwili inabaki huru kwa kazi. Nyanya alikuwa anapalilia shamba zima moto umo mdomoni, na ungempita bila kujua kwamba anavuta. Niliona huo ni ufundi, na mimi nikawa fundi kumshinda.

Nilipoolewa nikaja Nairobi, tukapanga chumba Kibera, Sarang'ombe, katika plot ya Mama Rehema, mama wa Kinubi ambaye hata akinyamaza unajua anachofikiria. Nikapata kibanda pale stage ya Kawangware 56. Juu ya meza moja niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, upande huu na sigara moja moja upande ule. Kila siku nilitembea kwenda na kurudi, navuta sigara zangu za dukani kwa mtindo ule ule wa nyanya, leso imefunika mdomo.

Basi katika hii miaka ya tisini shemeji yangu Odhiambo akapata kibarua kwenye kampuni moja ya sigara kule Industrial Area. Jumapili moja alikuja kutusalimia, shati lake linanukia peremende. Nikamtania kama siku hizi anauza peremende.

"Hii ndiyo harufu ya fegi, shem," akasema. "Unafikiri ni majani tu? Wanamwagia sukari, sijui kakao, na madawa zingine hata sisi hatuambiwi majina. Ndiyo moshi isikukwaruze koo. Iteremke tu kama chai."

Ndugu zangu, niliwaka! Miaka yote hiyo nilidhani navuta jani, kumbe nimelishwa vitu bila kuulizwa. Tangu siku hiyo nikawa na mahubiri ya aina moja tu, kemikali. Pale stage nilibishana na kila mtu. Fundi viatu alishikilia kwamba sigara ya minti ni dawa ya kifua, eti inafungua pua ukiwa na homa. Makanga wa matatu walisema bila hizo kemikali hakuna stimu. Mimi nikawajibu kwamba kemikali ndizo zinazoua watu, na tumbaku ikiachwa kama Mungu alivyoiumba haina ubaya wowote. Wakanibandika jina la Mama Kemikali. "Niaje, Mama Kemikali! Leo tunakufa na nini?" Nami nililipenda hilo jina, nikaringa nalo.

Nikaacha sigara za kampuni kabisa. Sikuvuta hata moja, sikuuza hata moja. Badala yake nikaagiza tumbaku ya shamba kutoka nyumbani, majani makavu, gunia linakuja na basi. Nilisokota mwenyewe kwa karatasi ya gazeti, na wino wa gazeti haukunisumbua akili hata kidogo! Kisha nikasimama hapa hapa mnaponiona, nikashuhudia kwamba Bwana ameniokoa na sigara. Mlipiga makofi. Mama mmoja alizunguka kanisa zima akipiga vigelegele. Na wakati huo wote tumbaku ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso yangu. Nilijiambia kwamba sigara ni ile ya kampuni, hii ni ya nyanya, na kanisa halijaikataza.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo panapouma. Baada ya ule ushuhuda wanawake walianza kuniamini. Mmoja wao ni Mama Nafula, mnamjua, yule anayeimba sauti ya pili. Hakuwahi kuvuta kitu maishani mwake. Jino lilikuwa linamsumbua, akaja kibandani ameshika shavu. Nikamwambia, "Vuta hii kidogo, mama. Haina kemikali, ni ya shamba. Itakutuliza." Akavuta. Kesho yake akarudi. Baada ya mwezi hakuwa akitaja jino tena, alikuja kuchukua tumbaku tu.

Mwaka ule wa mvua za Elnino mdomo wangu ukaanza kunisumbua. Kwanza chai ilinichoma kuliko kawaida. Halafu ladha ya omena ikapotea, mimi muuza omena! Nikipapasa kaakaa kwa ulimi, juu hapa, nilikuta pamekuwa pagumu kama kisigino, na katikati kidonda kisichopona. Nilitafuna karafuu, nikasukutua kwa maji ya chumvi, na bado niliendelea kuvuta, moto unakaa pale pale penye kidonda. Tena nilijipa moyo kwamba ni zile kemikali za zamani zinatoka mwilini.

Ikafika Idd, na Mama Rehema kama kawaida yake akatuita wapangaji wote tule. Wali ule wa Kinubi, na nyama, nikashindwa kumeza. Akanivuta pembeni na kuniambia nifungue mdomo. Alitazama, akakunja uso. Nami nikaanza mahubiri yangu ya kemikali, akanikatiza.

"Mama Akinyi, kuni iko na kemikali?"

Nikasema haina.

"Na ukipika na kuni, si macho inatoka machozi? Sasa wewe unaweka moshi ndani ya mdomo na moto juu yake, halafu unaniambia ni safi?"

 

Kesho yake alinisindikiza kliniki ya serikali, kwa daktari wa meno. Alikuwa binti tu, angeweza kuwa mwanangu. Nikamwelezea habari za viwanda na sukari na kakao, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akaniambia, "Mama, hayo ya kiwandani ni ya kweli, wanaongeza vitu ili moshi uvutike vizuri. Lakini sumu haikuanzia kiwandani. Nyingine imo ndani ya jani lenyewe, na nyingine inatokea jani likiungua." Akakata kipande kidogo cha nyama kwenye kaakaa kikapimwe. Akasema inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa haijafika huko, nirudi baada ya wiki mbili.

Niliogopa. Sijazoea kusema neno hilo, lakini niliogopa kweli kweli. Nilimwangalia Akinyi wangu akisuka nywele mlangoni, nikajiuliza nani atamlea. Kisha nikafikiria mdomo wa Mama Nafula. Kama ningekufa, ningekufa nimeacha ushuhuda wa uongo hapa madhabahuni, na yeye angeendelea kuvuta akiamini nilichomwambia. Hilo liliniuma kuliko kidonda.

Na kama kunijaribu, katikati ya wiki hizo gunia jipya likafika na basi. Nililikalisha sakafuni. Mwili wote ulikuwa unalitaka, mate yananijaa. Nikapiga magoti mbele ya gunia, mchana kweupe, mlango wazi, majirani wanapita. Nikasema, "Yesu, nilikuletea kemikali, jani nikalificha. Chukua na jani." Sala yenyewe ilikuwa hiyo tu, haikuzidi hapo.

Nikatoka na kiberiti, nilichome mbele ya watu. Mama Rehema akaja mbio. "Unataka plot yote ivute?" Basi tukalimwaga chooni, gunia zima, na ninyi mnaoishi Kibera mnajua mwenye plot anavyolinda choo chake kisijae. Siku hiyo hakukilinda. Alishika upande mmoja wa gunia na mimi upande mwingine, Mwislamu na Mkristo, tukakung'uta mpaka vumbi la mwisho.

Siku tatu zilizofuata sitaki kuwadanganya kwamba zilikuwa tamu. Nilitetemeka. Nilimfokea mtoto bure. Nilitafuna miwa mpaka fizi zikauma. Lakini kila nilipoita jina la Bwana, saa moja ilipita, na nyingine ikaja, na hiyo nayo ikapita!

Jumapili, kabla sijajua majibu ya daktari, nilikuja nikasimama hapa. Mnakumbuka. Nikasema ushuhuda wangu wa kwanza ulikuwa wa uongo. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo. Kuna waliocheka, na nawajua. Nikamgeukia Mama Nafula mbele yenu wote, nikamwambia nilimpa sumu nikaiita dawa, anisamehe. Aliinuka, akachukua leso yake, akatoka nje.

Nikarudi kwa daktari. Majibu yakasomwa: haikuwa saratani! Daktari alinieleza kwamba ningeendelea vile ingeweza kugeuka kuwa saratani, na kwamba nije kutazamwa mara kwa mara. Nakwenda, sikosi. Kidonda kimefunga, na ile ngozi ngumu imelainika pole pole. Siku niliyoonja omena nikasikia ladha yake, nilikaa chini na sahani nikalia kama mtoto.

Mungu amenitendea hayo yote na namshukuru, lakini kuna jambo ninalojivunia zaidi. Kwa miezi mingi Mama Nafula alipita mbele ya kibanda changu bila kunisalimia. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeondoa tumbaku kibandani, na pale mezani palipokuwa na sigara nimeweka maharagwe. Asubuhi moja akaja. Akaweka kipande cha tumbaku juu ya maharagwe yangu, akasema, "Mikono inanitetemeka, Mama Akinyi." Nikamwambia kaa hapa. Alikaa siku tatu, tukiuza pamoja, akilia ninamshika, akikasirika ananitukana kwa Kibukusu nami namjibu kwa Kijaluo. Siku ya nne akaanza kuimba, sauti ile ya pili, pale pale stage, makanga wakaacha kuita abiria wamsikilize. Tangu hapo hajavuta tena.

Mama Nafula, simama watu wakuone. Simama, usione haya. Haleluya! Mtazameni huyo!

Sasa wewe uliye na tumbaku hata leo. Sikutaji jina, ingawa nilipokukumbatia pale mlangoni niliisikia harufu yake. Usingoje kwanza tumalize ubishi wa kampuni wanatia nini na shamba halina nini. Mwamini Bwana na jani likiwa bado mkononi mwako, mlete yeye ndani ya zile siku tatu, na sisi tutakuwapo. Kesho asubuhi kibanda kitafunguliwa mapema. Mama Nafula atakaa upande wako wa kulia, mimi kushoto. Njoo.