Waya Hausikii Chumba

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

BESI: Ni mimi, mpiga besi wako. Habari za studio?

FUNDI: Salama kiasi. Shemeji yako anaendeleaje hospitalini?

BESI: Hajazinduka. Ngazi zile za hapo studio ni mbaya, Fundi. Hata mke wangu nimemwambia: kaka yako ameteleza. [mkwaruzo] Sasa, ile besi ya asubuhi ifute. Nilikosea sana.

FUNDI: Ile uliyopiga nilipotoka kununua betri?

BESI: Hiyo. Yote.

FUNDI: Niliiacha mashine ikirekodi.

BESI: Najua! Lakini hapakuwa na spika wala maikrofoni. Waya tu, kutoka kwenye gitaa hadi kwenye mashine. Si wewe uliyenifundisha kwamba waya hausikii chumba?

FUNDI: Hausikii. Mayowe ya shemeji yako hayamo, hata moja. Waya unasikia gitaa tu: kidole kikigusa uzi, na uzi ukigusa... kichwa.

BESI: Chunga mdomo wako!

FUNDI: Hukuchomoa waya, ndugu yangu.

BESI: Alinitukana! Eti dada yake ameolewa na mlio wa bomba la choo! Wewe ungeweza—

FUNDI: Pigo la kwanza, nakubali, ni hasira. La pili vilevile.

BESI: Fungua! Niko mlangoni. [kishindo] Nitakuvunja vidole kimoja kimoja, tuone utabonyezea nini!

FUNDI: Mlango huo ulijengwa uzuie ngoma nzima. Utachoka wewe.

BESI: Futa! [kishindo]

FUNDI: Baada ya la pili kuna sekunde sita. Uzi mnene ulikuwa umelegea. Ukaukaza, taratibu, mpaka sauti ikakaa sawa. Ndipo ukapiga la tatu.

BESI: Ni mkono tu. Mazoea.

FUNDI: Naam. Alikuwa ameshalala chini.

BESI: Nani mwingine amesikia?

FUNDI: Mkeo. Yuko hapa, amevaa hedifoni.

BESI: Mvue! Fundi, nakupigia magoti, mvue—

FUNDI: Amekwisha kupita la pili.

BESI: Mama watoto! [kishindo] Mwambie salio linakwisha, mwambie mimi nili— nilitaka—

FUNDI: Haniangalii, bwana. Anahesabu kwa vidole. Nne. Tano—

[simu inakatika]