Rozalija Podrekar na Glasi Iliyoondoa Karakana

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tuna msiba. Rozalija Podrekar amefariki. Rozalija wa mashine nyekundu za kukata nyasi, ambaye mikono yake haikutoka grisi hata siku ya Pasaka. Amefariki Jumanne, kitandani kwake, ng'ambo ya barabara kutoka karakana iliyofungwa.

Tutamlilia. Lakini waliomfikisha hapo nao tutawataja.

Baba yake, Gašper, alikuwa mhunzi. Aliwaona wajane wa bonde hili wakifyeka majani kwenye miteremko, wamejifunga kamba kiunoni wasije wakaporomoka. Akaunda mashine nyepesi ya magurudumu mawili, inayoshika mlima kama mbuzi. Baada ya vita serikali ikaichukua karakana, ikamwachia Gašper ufagio. Ndiyo, wapendwa, ufagio, ndani ya karakana yake mwenyewe. Rozalija alikuwa akimpelekea supu mchana, akimkuta anafagia chini ya mashine alizozibuni. Walioamuru hayo walikufa na pensheni nono.

Serikali ilipobadilika, karakana ikarudi. Ikawa ya Rozalija na mdogo wake Ciril, nusu kwa nusu. Ciril alishika biashara, Rozalija akashika ufundi. Kila mashine aliijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa parokia. Isiyopanda hapo haikuuzwa. Watu walikuwa wakimtania padri, aliyekatiwa nyasi bure kwa majaribio hayo, "Wewe Baba, hata mundu hujawahi kununua."

Kisha ikaja kampuni kubwa kutoka nje. Ilitaka kununua karakana na jina. Iliahidi kwamba kazi itabaki hapa bondeni. Ahadi ilikuwa hiyo: kazi itabaki hapa. Ciril alikuwa amechoka, akakubali. Rozalija akakataa.

Mnajua mila yetu. Mapatano yakifikiwa tunakunywa likof, na aliyekwisha kunywa harudi nyuma. Kwetu likof ni kiapo. Basi wakakaa kilabuni na wageni, kijiji kizima kikitazama. Neža, binti wa Ciril, ametusimulia.

"Shangazi aliingia na ovaroli yake. Akamuuliza baba, 'Ahadi ya karakana imo kwenye mkataba?'

"Baba akasema, 'Dada, wameitamka mbele ya watu wote hawa, na sasa wanainywea. Unataka nini zaidi?'

"'Wanajua wanakunywa nini?'

"'Pombe ya plamu, dada. Kaa basi, unatuaibisha.'

"Mzee mmoja akadakia, 'Rozalija, ukikataa likof na wageni, nani hapa atakuuzia hata kuku?' Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliwatazama wageni machoni, mmoja baada ya mwingine. Nao wakainua glasi. Akanywa."

Akanywa, wasikilizaji wapendwa. Kesho yake akatia sahihi, kwa sababu alikwisha kunywa.

Mwaka wa pili malori yakaja kubeba mitambo. Rozalija akasimama langoni.

"Mlikunywa na mimi," akamwambia meneja.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Akajibu kupitia mkalimani, "Mama, tunaikumbuka. Ilikuwa karamu nzuri sana."

Malori yakaondoka. Mashine nyekundu sasa zinatengenezwa mbali, nazo zinateleza mlimani. Watu walimletea zikiwa zimevunjika, akazitengeneza jikoni kwake. "Hii si kazi yetu," alikuwa akisema, "ila jina ni la baba. Weka hapo."

Tulimpigia Ciril simu. Akasema, "Hakunilaumu hata siku moja. Kila Jumapili alinipakulia nyama kwanza. Afadhali angenitukana."

Ciril, pole. Neža, pole sana. Poleni mafundi wote wa karakana ile, mliotawanyika kutafuta kazi nchi za watu.

Nanyi mliocheka kilabuni siku ile, tafakarini. Wageni wale hawakuvunja kiapo, kwa sababu hawakujua kama wameapa. Sisi tulijua, na tukamsukuma mwanamke mmoja aape peke yake.

Mazishi ni kesho asubuhi. Kampuni imetuma shada kubwa la maua lenye utepe mwekundu. Utepe umeandikwa "Podrekar" kwa maandishi ya dhahabu, maana jina hilo sasa ni mali yao. Neža ameliacha shada hilo nje ya uzio wa makaburi. Ombi la familia ni moja tu: mtakapopita, msiliingize ndani.